Risasi

Fomu ina kisanduku kimoja: Sababu ya kosa.
Upana wake vidole vitatu.
Nimekaa kwenye korido ya mahakama, Shanzu,
feni imekufa tangu Ijumaa.

Chengo Nyundo, miaka kumi na tisa.
Panga, saa moja jioni, kichochoro cha Bombolulu.
Bi Rukiya wa mahamri sasa hukanda unga kwa mkono mmoja.
Andika hilo kwanza, nilijiambia. Lisipotee.

Kisha nikaenda kwao, nyuma ya reli, Miritini.
Mamake akanionyesha karai:
humo alifua ovaroli za mumewe
enzi za kiwanda cha kuyeyusha betri,
humo akamwogesha mtoto.
"Lile vumbi lilikuwa na utamu," akasema,
"walikuwa wakilamba vidole."
Darasa la pili daktari alimpima damu,
akaandika neno moja: risasi.
Babake akacheka. Nani kampiga mwanangu risasi?

Hakuna aliyemweleza
kwamba lugha yetu imeyapa jina moja
madini na kile kitokacho mtutuni,
na kwamba hii ya kwanza haina mlio.
Hukaa mifupani,
hulegeza breki polepole
mahali fulani nyuma ya paji la uso.

Kiwanda kikafungwa. Baba akarudi na mshipi.
Shule ikamwita mzito, ikamwita mtoro, kisha haikumwita.
Aliyekuja kumwita kwa jina lake
alikuwa kijana mwenye panga la ziada.

Karani anapita, anachungulia.
"Mwana wa nyoka ni nyoka, madam. Andika twende."

Ningeandika nyoka. Ningeandika risasi, nipige muhuri.
Lakini yuko Kaingu, mdogo wake.
Karai lilelile, mshipi uleule,
damu yake ilikutwa na risasi kuliko ya kaka.
Anashona sare za shule Kongowea.
Hasira zikimpanda hutoka nje,
huhesabu magunia ya vitunguu
mpaka mikono itulie.
Nani alikufundisha?
"Fundi Mwinyi. Alinikalisha kwenye cherehani nina miaka kumi.
Chengo alikuwa ameshaondoka."

Cherehani naiweka wapi humu?

Benchi la pili, Bi Rukiya anafungwa leso na bintiye.
Haniulizi sababu.
Ananiuliza saa.

Naandika: Tazama karatasi zilizoambatishwa.
Ziko kumi na moja.
Hakimu husoma ya kwanza.