Aligawa Nini?

Baba alirudi Mvumi mwaka wa sabini na nne
na cheti cha uchimbaji visima,
koti zito lisilo na kazi huku kwetu,
na ubao mdogo, kama wa kukatia mboga,
ndani ya taulo la Bibi Agafya, Mrusi aliyempangisha chumba.

Ubaoni kijana, ndevu bado chache.
Upanga ameushika ncha chini,
kama fimbo ya mchunga ng'ombe aliyechoka.
Kiganja cha pili wazi, tupu.

Bibi Matika akauliza, ni nani?
Baba akaanza kumtafutia Kigogo
cha vitu ambavyo Kigogo hakijaviona:
Yaropolki, mwana wa mtawala wa zamani,
mji wa magogo, mto unaoganda
hata mikokoteni ikapita juu yake.
Bibi akacheka. Mto wa kubeba ng'ombe!

Ikaja njaa, Baba akasema.
Baridi iliua shayiri ingali kijani.
Kijana akavunja kufuli la ghala la baba yake,
akapima kwa mikono yake, kibaba kwa kibaba,
siku tatu, mpaka panya wakahama.
Binamu zake wakaja na moto.
Wakamtoboa macho. Akafia zizini, kwa farasi.
(Haya ya ubaoni mchoraji alimrudishia.)
Kanisa kubwa halimjui, kalenda haina siku yake.
Ni mji ule mmoja tu, kina mama
humpelekea mkate theluji ya kwanza ikianguka.

Bibi hakucheka tena.
Alikuwa na miaka minane Mtunya ilipopita
ikawachukua kaka zake wanne.
Nyumba zilizokuwa na mtama alizijua kwa majina,
na milango yake ilivyofungwa.

"Aligawa nini, umesema?"
"Shayiri."
"Yote?"
"Yote."
"Basi huyo ni mtemi. Mtafutie msumari."

Akakaa ukutani mwa tembe, moshini, juu ya mtungi.
Kiangazi kirefu wanawake wakaanza kuja,
kwanza kwa kisingizio cha kuomba moto,
kisha na uwele kwenye kibuyu,
na mafuta ya nyonyo kwenye ncha ya kidole.

Mwinjilisti Chisunga akafika na jasho lake:
"Mama, hii ni sanamu!"
"Huyu ni mgeni, kaja na mwanangu.
Nimfukuze vipi, naye walishamtoa macho?"

Mwaka ule mvua ilinyesha Handali,
kwetu ikapita pembeni.
Hakuna aliyemlaumu.
"Kazi yake ghala," Bibi alisema, "si mawingu."

Sasa Bibi hayupo, Baba hayupo,
tembe limeezekwa bati.
Shangazi amenipa ubao kwenye mfuko wa rambo:
"Wewe ndiye wa maghala."

Kweli, mimi ni mtunza ghala, Dodoma mjini.
Funguo kumi na moja kiunoni,
daftari, mizani, saini tatu kwa kila gunia.

Vidole vya miaka hamsini vimefuta uso wote.
Upanga nao umekwenda.
Kiganja tu ndicho kimebaki, cheusi kwa mafuta,
kimenyooshwa.

Nimeuegemeza kwenye mizani.
Sindano imesogea kidogo, ikatulia.
Nje, tangu alfajiri, kuna watu wa Bahi
wamekaa juu ya magunia yao matupu,
na saini ya tatu haijafika.