Hodi Isiyofika

Saa tatu usiku, Tukuyu, mvua imekaza mabati.
Mchezo nimeufungua mimi, mwenyeji.
Tusekile yuko Njombe, Lwitiko Mafinga,
na wote wawili wanaandika: haufunguki.

Nikazima ruta, nikahesabu thelathini, nikawasha.
Haufunguki.
Nikachomoa waya, nikaupuliza kama kijiko cha uji;
ujinga, najua, ila mkono hutaka kazi.
Nikaufungua ule mlango wa tarakimu tano,
nikamwambia mlinzi wa kompyuta: hawa ni wangu, wapishe.
Haufunguki, kaka. Tulale?

Ndipo nikalinganisha anwani mbili,
iliyomo kwenye ruta na ile inayoonekana nje.
Hazifanani.
Kumbe kampuni imetugawia moja,
sisi, duka la Mama Subilaga, gesti ya bondeni,
mtaa mzima jina moja.
Hodi ya Lwitiko inafika barabarani
inasimama mvuani,
haijui igeukie geti lipi.

Kutoka, natoka. Kupokea ndiyo sipokei.

Lwitiko, wewe una anwani yako peke yako.
Fungua kwako.

Na mimi niliyealika watu
nikajifunga blanketi mabegani
nikaenda kubisha Mafinga.

Akajibu kabla sijamaliza:
Pita, mwenyeji.