Kufuli la Alhamisi

Alhamisi, saa kumi na moja kamili ya jioni,
nabonyeza kitufe kimoja na mwezi mzima unaganda.
Visanduku vya saa vilivyokuwa vyeupe
vinageuka kijivu, safu kwa safu,
kama madirisha ya ghorofa watu wakizima taa.
Tangu hapo hata mimi niliyefunga
nikigusa sifuri moja, kompyuta hunijibu:
Kipindi kimefungwa.
Haina samahani, haina kikohozi.

Hapa Łódź tunafua mashuka ya hospitali saba.
Kufua na kufuli ni maneno jirani:
wao chini wanafua, mimi juu nafunga,
na kati yetu ngazi ya chuma, hatua kumi na tisa,
na mvuke usiofika kwangu.

Februari, Ijumaa asubuhi, Teofila Wrzosek aliipanda.
Yeye ni wa pasi kubwa, ile ya rola,
vidole vimekunjamana kwa maji.
Akanipa kipande cha boksi la sabuni, kimeandikwa:
Jumapili. Boila limepasuka.
Saa nne za ndoo na matambara, mimi na Bożydar.
Msimamizi hakuziingiza. Mimi nilikwisha funga.
Mwezi ujao, nikasema.
Akauliza, bila ukali:
"Na mwenye nyumba wangu, nimwambie hivyo hivyo?"
Akakikunja kile kipande, kona kwa kona,
anavyokunja foronya,
akakiacha juu ya kaunta, akashuka.
Nilizihesabu hatua zake. Kumi na tisa.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia.
Ipo fomu. Karatasi ya waridi, sahihi mbili,
inakwenda Poznań, na huko mtu asiyenijua
hufungua mlango kwa dakika kumi, kisha huufunga.
Nilikuwa nayo kwenye droo.
Lakini ilikuwa Ijumaa, theluji imegeuka tope,
na goti langu la kushoto lilikuwa linauma.
Nikasema sheria ni sheria. Tamu neno hilo
mdomoni mwa mwenye kiti chenye mto.

Mei akaja meneja, Bwana Kazubski mwenyewe,
saa kumi na moja na dakika ishirini,
ananukia gari jipya.
Zamu ya usiku, akasema, chai yao ni ndefu mno.
Wapunguzie robo saa, kila mtu, kila usiku.
Watu sitini na watatu. Usiku ishirini na mbili.
Piga hesabu wewe; mimi nilikwisha ipiga
kabla hajavuta kiti.
"Nimeshafunga," nikamwambia.
"Si wewe ndiye mwenye kufuli?"
"Kufuli, ndiyo. Ufunguo uko Poznań."
Nikafungua droo, nikamwekea karatasi ya waridi:
hapa jina lako, hapa sababu,
hapa saa uliyoomba, nayo haifutiki.
Akaitazama kama mtu aliyeletewa bili ya meza nyingine.
Akasema atarudi Jumatatu.
Jumatatu kulikuwa na mkutano.

Mtu asinisifu. Kufuli ndilo lililokataa;
mimi nilikaa nyuma yake tu,
kama mtoto nyuma ya sketi ya mama.
Na zile saa nne Teofila alilipwa Machi,
zloti kwa zloti, pasipo hata moja ya kusubiri.
Aliisoma hati ya mshahara mbele yangu, kwa kidole,
mstari kwa mstari. Hakusema ahsante,
wala mimi sikuwa na uso wa kuingoja.

Siku hizi fomu za waridi zinaning'inia chini, penye mashine,
na penseli iliyofungwa kwa uzi wa foronya.
Wiki ya kwanza hakuna aliyezigusa.
Ya pili, fomu zote zipo,
penseli imeibwa.
Nimefunga nyingine. Na Alhamisi, saa kumi na nusu,
goti liume lisiume, nashuka ngazi,
nasimama katikati ya ngurumo na mvuke,
nauliza kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo:
nani hajaandika?