Nusu Kikombe

Nyayo za manjano zimechorwa sakafuni,
kumi na nne, kutoka mlangoni hadi dirishani.
Yanelis anasema: kanyaga palepale, Leovigildo,
itaje namba kwa sauti, mguu usikie.

Moja.

Mguu umesikia. Mguu haujali.
Umetua nje ya rangi
kama barua iliyopelekwa kwa jirani.

Mwenda pole hajikwai, watu husema.
Mimi naenda pole kuliko kivuli cha ukuta
na bado najikwaa,
mara kwa kizingiti, mara kwa hewa tupu.

Nilikuwa mbeba keki.
Waulize watu wa Pueblo Nuevo, hapa hapa Holguín:
mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli,
wa pili juu, na juu yake keki ya ghorofa tatu
ya binti anayetimiza miaka kumi na tano,
krimu ya waridi, jua linaidai,
nami nakata kona bila kugusa breki.
Miaka kumi na tisa.
Niliangusha moja tu, na kosa lilikuwa la mbwa.

Kisha asubuhi moja kikombe kikanigonga meno.
Kisha ngazi zikaongezeka.
Muuza mkate akaninusa: saa tatu hii, Leo, umeshaanza?
Sikuwa nimeonja hata tone.
Mama yangu naye aliitwa mlevi,
mwanamke wa maji na kahawa,
mpaka akaacha kwenda kanisani.
Tulificha aibu, kumbe tulikuwa tukificha damu:
ndani yake neno moja dogo
linarudiwarudiwa, kupita kiasi,
kama la mtu mwenye kigugumizi.

Hapo kisogoni, Yanelis ananigusa,
pana kitu chenye mikunjo, kama ngumi ya mtoto.
Hicho ndicho kilichokuwa kikiendesha baiskeli.
Kinanyauka.
Hatuponyi hapa, anasema, wala hashushi macho.
Tunachelewesha.

Basi tunachelewesha.
Ananifunga vifuko vya mchanga kwenye viwiko vya mikono
ili mtetemeko nao upate kazi.
Kidole chake, pua yangu. Kidole chake, pua yangu.
Kidole chake, jicho langu.
Pua ni yako, ananiambia, unaogopa nini kuigusa?
Pa-ta-ka, pa-ta-ka, pa-ta-ka,
ulimi unaburuta viatu vyake.
Pembeni Osmani, miaka ishirini na sita,
anasimamisha vipande vya domino.
Cha kumi na moja kikianguka, vyote vinafuata,
anatukana mpaka watakatifu,
na sote tunacheka, vichwa vikitikisika
kila kimoja kwa mwendo wake.

Sijamwambia mtu nilichokiona nyumbani.
Maylín, binti yangu, huosha vyombo
akisimama kwa mguu mmoja.
Anafumba macho. Anahesabu kimoyomoyo.
Anabadilisha mguu.
Barua ya kuitwa kupimwa damu iko chini ya redio
tangu Februari, haijafunguliwa.
Mimi hupangusa vumbi pande zote za redio hiyo.

Jumapili nilimpelekea kahawa.
Kutoka jikoni hadi uani ni hatua tisa,
na hakuna aliyenichorea nyayo.
Miguu nimeitanua kama baharia, macho mbele,
kikombe nimekikumbatia kifuani kwa mikono miwili
kama kifaranga kinachotaka kutoroka.
Moja. Mbili. Ukuta. Mbili tena.
Kahawa ilinipita, ikanitangulia sakafuni,
ikaniunguza kidole gumba,
ikaandika njia yangu yote, imepinda hivyo hivyo.

Nilifika na nusu.

Maylín hakuitazama sakafu.
Alikunywa taratibu, akafuta mdomo,
akanishikisha kikombe kitupu.

Nyingine, akasema.

Nikageuka, kwa zamu nne, kama lori kichochoroni.
Moja, nikauambia mguu.