Morita

Ufunguo wa pampu ninao mimi, Mokhlesur,
mwana wa mwenye pampu, mjukuu wa mchimba kisima.
Huku kwetu, karibu na mto Tista, mwezi wa Januari
ukungu hulala juu ya majaruba hadi saa nne,
na mpunga wa kiangazi haujui mvua:
unanijua mimi.

Nauza maji kwa saa. Daftari langu limelowa pembe.
Fulani saa tatu, fulani saa tano,
na kila ajaye huja na neno lilelile:
jaza, ndugu, jaza mpaka matuta yazame,
mpunga ni samaki, ukikaukiwa umekufa.
Nami nikajaza. Nani humkataza mteja kununua?

Jobeda, mjane wa Torikul, aliokota kipande cha bomba
nyuma ya choo cha shule,
akakitoboa kwa msumari uliopashwa moto jikoni,
matundu kama ya chujio,
akakizamisha pembeni mwa jaruba,
akakomba tope la ndani kwa upawa wa dengu.
Humo maji yakasimama
yakionyesha yalipo, bila aibu.

"Usifungue," aliniambia.
Siku ya tatu, usifungue. Siku ya tano.
Tope likapasuka nyufa nyembamba kama za kisigino.
Hafizar, akipita juu ya tuta, akamuuliza
kama analima mpunga au anafinyanga vyungu.
Jobeda akatumbukiza ufito bombani, akauchomoa,
akapima pakavu kwa mkono: gumba hadi shahada.
Morita moja.
"Sasa fungua. Saa mbili tu."

Nilimchukia kidogo, sitaficha.
Saa anayoiacha ni dizeli nisiyoichoma,
lakini pia ni noti nisiyoihesabu.

Na mbolea nayo! Sisi tulizoea kurusha,
mkono hewani, yurea ikianguka kama chumvi,
nyingine ikapeperuka, nyingine ikateremka na maji kwa jirani.
"Miaka yote nimeilisha Ghuba ya Bengali," alisema,
"na Ghuba haijaniletea hata pishi moja."
Akanunua ya vidonge, vikubwa kama kokwa za kunazi,
wakainama, yeye na bintiye Moyna:
katikati ya mashina manne, kidonge kimoja,
kizike kina cha kidole, funika, songa.
Tangu ukungu hadi adhana ya alasiri migongo yao ilikuwa pinde.
Sitakwambia ilikuwa rahisi.
Usiku Moyna alilia vidole.

Mara moja tu alinijia mbio, miguu mitupu, tope magotini:
"Umechanua! Leo bomba halina neno. Leo jaza.
Mzazi hanyimwi maji."
Pampu ikakohoa, ikakohoa tena, ikakubali.
Nikainama kutazama ua la mpunga,
mimi niliyezaliwa humu, kwa mara ya kwanza:
jeupe, dogo kuliko punje.

Mei, upepo wa kwanza ulimlazia Hafizar mpunga chini,
mrefu, mnene wa majani, umelewa mbolea.
Wa Jobeda uliyumba, ukasimama.
Magunia kumi na tisa. Mwaka jana, jaruba hilohilo, kumi na sita.
Akanilipa noti chache kuliko wote,
akazinyoosha moja moja juu ya paja,
hakusema kitu. Ningependa angesema.

Babu alikuta maji kwa mianzi miwili.
Baba akaongeza bomba. Mimi nimeongeza mara mbili,
na Aprili pampu ya mkono ya mama hunyonya hewa.
Jioni niliteremsha kamba kisimani, nikaivuta,
nikapima pakavu kwa mkono wangu, gumba, shahada,
gumba, shahada, mpaka hesabu ikanitoka.

Baba bado hajui.
Kuna kipande cha bomba chini ya kitanda changu
na msumari umo motoni.