Kitanda cha Rambla

Kaka yangu Muhsin aliileta Alhamisi baada ya alasiri,
polepole, kama mtu aliyebeba trei ya vikombe,
hata mbuzi wa jirani wakaacha kutafuna.
Rambla. Ya Marekani, ya mwaka hamsini na tisa.
Ya baba.

Miaka thelathini na moja ilikaa Wadi Kabir
chini ya turubai, nyuma ya gereji ya Dad Rahim Mbulushi.
Panya walizaa ndani ya injini, na wajukuu wa panya wakazaa.
Sasa itazame: mgongo mweupe wa tui,
ubavu kijani cha ndimu changa,
nikeli inang'aa mpaka jua la Khuwair
linajiona humo na kuona haya.
Taa kaziagizia Sharja,
mipira ya madirisha huko huko ilikozaliwa,
bei kamili mkewe hajaambiwa.
"Usiishike kwa mkono," akaniambia. "Chukua kitambaa."

Mama akatoka na fimbo yake.
Akaizunguka mara moja. Hakusema mashallah.
Akafungua mlango wa mbele, akainama,
mkono ukaingia chini ya kiti
kama mtu anavyotafuta swichi ya nyumbani kwake gizani.
Ukapapasa.
Ukapapasa tena.

"Kitanda changu kiko wapi?"

Muhsin akacheka kidogo.
Hiki ni kiti, mama. Ngozi halisi.
Nimekichomelea chini, hakiyumbi tena.
"Sikukuuliza kiti."

Ndipo akasimulia, amesimama vile vile,
kiwiko juu ya mlango, kama anayezungumza na mchuuzi:
Kuwait, sitini na sita.
Tumetoka Unguja na bahasha moja na sufuria mbili.
Baba yenu kapata kazi ya kuandika mapipa,
nyumba hatujapata. Mwenye chumba akitusikia tunavyosema
chumba kinakuwa kimeshachukuliwa.
Basi akainunua hii kwa mhasibu wa Kizungu aliyekuwa anaondoka,
kwa mafungu, mwaka na nusu hatujala nyama ya maana,
na si kwa ajili ya injini, msijidanganye.
Viti vyake vilikuwa vikilala. Vyote. Vinakuwa godoro moja.
Usiku kumi na saba.
Watoto watatu katikati, mimi pembeni,
yeye miguu iko nje ya dirisha, viatu juu ya boneti.
Dari ilikuwa na vitundu. Nilikuwa nikivihesabu,
sikupata hata siku moja kuvimaliza.
Alfajiri navua mapazia, nayajifunga, ni kanga zangu,
naye anakwenda kazini na gari, kama bwana.

Muhsin akaitazama ngozi yake.
Akapiga simu.

Dad Rahim alifika saa tatu usiku
na kopo la maziwa ya Nido lenye kutu.
"Nilikwambia siku ile," akasema,
"Mbulushi hatupi chuma."
Ndani yake bawaba nne, mpini mmoja uliopinda,
na senti ya zamani ambayo hakuna aliyeidai.
Akawasha mashine ya kukatia.
Cheche zikaruka juu ya tui, juu ya ndimu,
na kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi,
akageukia ukuta.

Kiti kikaanguka nyuma: ko!

Mama akaingia na viatu vyake.
Akalala chali, fimbo ubavuni.
Dari mpya, safi, haina tundu hata moja.
Akaitazama kwa muda mrefu hivyo hivyo,
midomo inacheza, sijui alikuwa akihesabu nini.
"Fungeni mlango. Mbu."

Tukafunga. Tukasimama nje kama walinzi wasiolipwa.
Sauti yake ikapita kwenye mpira mpya wa dirisha,
mpira wa bei ile:

"Mmoja wenu alianzia humu."

Hakusema nani.
Muhsin akanitazama, nikamtazama,
kila mmoja anarudisha miezi nyuma kwa vidole,
na Dad Rahim, ambaye kumbe Kiswahili
anakijua kuliko tulivyodhani miaka yote hii,
akainamia kopo lake
kutafuta skrubu ambayo haikupotea.