Nawafuata

Kila Alhamisi, ghorofa ya nne, mtaa wa Bałuty mjini Łódź,
lifti ikiwa mbovu tangu Novemba,
wanapanda wanne na theluji viatuni:
Ksawery, ambaye sauti yake humtangulia ngazi sita;
Bogna na sufuria la supu ya bitiruti;
Tymon, mwenye kuibusu dadu kabla ya kuirusha;
na mwisho Jagna,
anayefunga mlango ambao wenzake wameusahau wazi.

Mimi ndimi msimulizi. Nyuma ya kadibodi yangu
nina majitu, nina mvua,
nina bei ya mkate katika miji isiyokuwapo.
Nauliza: mnafanyaje?
Na Ksawery hufanya. Hufanya lake, hufanya la Bogna,
humkosoa Tymon kwa alilokuwa hajalifanya;
angeachiwa, angelifanya na la jitu.

Jagna ni fundi wa kufuli.
Ndivyo isemavyo karatasi yake, kwa penseli,
herufi ndogo kama punje za ufuta.
Miezi mitano fundi huyo alitembea mkiani mwa msafara
na neno lake moja:
"Nawafuata."

Nilidhani kumwita ni wema.
"Na wewe, Jagna? Wewe je?"
Nyuso zikamgeukia kama tochi za polisi,
shingo yake ikashika rangi ya ile supu,
nami, juha, nikaongeza: "Usiogope."
Ukimwambia hivyo mtu asiyeogopa,
umemfundisha.

Wanasema kimya kina mshindo mkuu.
Basi nikaungoja mshindo,
nikamkodolea macho kama mpishi mwenye njaa
anayefunua chungu kila dakika
na kukipoza.

Usiku mmoja walipoondoka
nikakuta daftari lake chini ya sahani.
Karatasi za miraba, za hesabu za shule,
na ndani yake miezi yetu yote mitano:
kila mto, kila daraja tulilolichoma kwa uzembe,
jina la mbuzi wa mvushaji
(nililibuni huku natafuna, nikalisahau kabla sijameza)
na kwenye Mnara wa Chumvi, ubavu wa kaskazini,
kimlango kidogo, na pembeni yake maneno mawili:
*hakuna aliyeuliza.*

Alhamisi iliyofuata sikumwita.
Nilisema tu: humu mnarani kuta ni chumvi kavu.
Kila neno litamkwalo humegua jiwe moja juu ya vichwa vyenu.
Atakaye kutenda, aoneshe.

Ksawery akaziba mdomo kwa viganja viwili,
macho yamemtoka, anateseka kwa dhati.
Tukasikia friji. Tukasikia tramu ikikata kona huko chini,
na kijiko cha Bogna kikitafuta mahali pa kulala.
Muda ukapita, nao ulikuwa mrefu. Nikauacha uwe mrefu.

Jagna akalizungusha daftari,
akalisukuma hadi katikati ya meza,
akaweka kidole juu ya kimlango.
Kisha akachukua dadu.

Nne.
Kwenye nyuso ishirini, nne haifungui hata kopo la dagaa.
Nikachora hewani waya wake ukivunjika.
Ulimi wangu uliwasha kumpa nafuu, kumwongezea mbili, tatu;
nikaung'ata.
Kushindwa nako ni zamu, na zamu ile ilikuwa yake.

Akatabasamu, mara ya kwanza naona lile jino lililopinda.
Akachukua penseli, akajichorea waya mwingine.

Msidhani amekuwa msemaji.
Alhamisi nyingi bado ni "nawafuata", na Ksawery bado ni Ksawery,
ingawa siku hizi hujikamata katikati ya sentensi, akanywa maji.
Mimi ndiye niliyebadili swali.
"Unatufuata kwa umbali gani?"

Hufikiri. Tunasubiri, supu inapoa, hakuna anayekohoa.

"Hatua kumi," husema.
"Nafunga milango mnayoiacha wazi."

Nami naandika.